Beringi haifi, inauawa: Somo la posho mili kutoka Migwani

Mashine haifi ghafla. Watu hupenda kusema "jana ilikuwa sawa, leo imekufa", lakini si kweli. Imekuwa ikilia kwa wiki mbili, tatu. Kila mtu aliyepanga foleni na debe lake la mahindi aliisikia ikipiga mluzi, kisha ikikwaruza, kisha ikinguruma kama tumbo la mtu aliyelala njaa. Mwenye mashine naye akaongeza sauti ya redio.

Kilichokuwa kikilia ni beringi. Kipande cha chuma kinachotoshea kiganjani mwako, chenye bei ndogo kuliko simu iliyo mfukoni mwako. Kikigoma, posho mili inasimama, pampu ya maji inasimama, bodaboda inasimama.

Wacha nikupeleke Migwani uone ninachomaanisha.

Ukitoka Mwingi mjini ukashika barabara ya kuelekea Kitui, utapita Migwani. Ni ocha kwa wengi wetu tunaojifanya watu wa Nairobi. Siku hizi tuna lami, ile barabara inayoanzia Kibwezi kule Makueni, ikapitia Mutomo na Kitui hadi Migwani. Lakini hatua chache tu ukiiacha lami, uko kwenye vumbi jekundu na mchanga, na kiangazi chetu unakijua. Mvua ikikubali watu wanavuna ndengu, mbaazi, mtama na mahindi. Hayo mahindi hayaliwi hivi hivi. Yanakobolewa yawe muthokoi, au yanasagwa yawe unga. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya kinu cha mbao, mchi na mabega ya akina mama. Leo ni ya mashine.

Sasa hesabu nami. Kijijini mashine inaweza kuwa moja tu. Ikisimama, nyanya yako, susu kama tunavyomwita Kikamba, ana njia tatu. Abebe debe hadi soko lingine, pengine Thitani au Nguutani. Alipe boda ampelekee, na nauli imle faida. Au arudi kwa mchi. Mara nyingi mashine hiyo ni mali ya kikundi, watu wa mwethya waliochanga kidogo kidogo wakainunua. Kila siku inayokaa kimya, wanakula hasara wote. Na huo ukimya mara nyingi umetokana na kitu ambacho kingezuiwa kwa kitambaa safi, grisi kidogo na mtu anayejua anachofanya.

Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Tulia nikueleze.

Ndani ya hiyo ringi kuna nini?

Chukua beringi kuukuu, zile ambazo watoto hufungia kwenye mbao wakatengeneza vigari vya kuteremka navyo mlimani huku wakipiga kelele. Kuna ringi mbili, moja ndani ya nyingine. Ringi ya ndani inakaa kwa shafti na kuzunguka nayo. Ringi ya nje inakaa kwa nyumba yake, haisongi. Katikati kuna gololi za chuma kigumu zilizopangwa kwa nafasi sawa, zikishikiliwa na kizuizi chembamba ili zisigongane.

Siri yote ni kwamba kitu kinachoviringika hukutana na ukinzani mdogo kuliko kitu kinachokokotwa. Wewe mwenyewe unajua. Pipa la mafuta ukilivuta chini linakushinda, ukililaza na kuliviringisha linakwenda. Chuma kikavu kikisuguana na chuma kingine, ukinzani unaweza kufika sehemu tatu kati ya kumi za uzito kinachobeba. Kwa beringi nzuri ya gololi yenye grisi, ni kama sehemu moja tu kati ya elfu moja. Hiyo tofauti ndiyo dizeli unayookoa. Na kwa wale wanaobeba maji kwa mkokoteni wa punda, hiyo tofauti inabebwa na punda. Mikokoteni mingi imeundwa kwa ekseli ya gari lililokufa. Beringi zake zikikauka, punda huyo anavuta mzigo wa pili usioonekana, na bado anachapwa.

Si kila beringi ina gololi, lakini. Kuna zile zenye rola, vipande vya mviringo virefu, ambazo hubeba uzito mkubwa zaidi, kama kwenye magurudumu ya lori. Na kuna bushi, ambayo haina kinachoviringika kabisa. Ni bomba laini tu ambalo shafti inatelezea ndani yake, likisaidiwa na mafuta. Injini ya dizeli inayoendesha posho mili imebeba krenki yake juu ya beringi za aina hiyo ya kuteleza. Ndiyo maana oili ikiisha hata kwa dakika chache, injini inashika na stori inaishia hapo.

Wapi wameshaelewa haya?

Ukidhani hili ni jambo la mafundi wa vijijini tu, soma kidogo historia. Mwaka 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa vimechacha, Wamarekani walituma ndege zao za mabomu hadi mji wa Schweinfurt, Ujerumani. Mji wenyewe ulijulikana kwa viwanda vya beringi. Hesabu yao ilikuwa rahisi: bila beringi hakuna ndege, hakuna kifaru, hakuna lori. Walikwenda Agosti, wakarudi tena Oktoba. Siku ya tarehe 14 Oktoba peke yake, ndege 60 hazikurudi. Watu walikufa angani kwa sababu ya kitu hiki ambacho sisi tunakipiga nyundo.

Lakini mtu ambaye angetufaa zaidi Migwani ni Sven Wingquist. Huyu alikuwa mhandisi katika kiwanda cha nguo mjini Göteborg, Sweden. Kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, na udongo huo ulikuwa unasonga. Ukisonga, jengo linajipinda kidogo, shafti ndefu za mashine zinakosa kunyooka, na beringi zinakufa kila mara. Badala ya kulalamika, mwaka 1907 alibuni beringi yenye safu mbili za gololi, ambayo ringi yake ya nje imechongwa kwa ndani kama sehemu ya mpira. Shafti ikipinda kidogo, beringi inajipanga yenyewe. Mwaka huo huo kampuni ya SKF ikazaliwa.

Unaona kwa nini namleta hapa? Posho mili nyingi zimefungwa kwa boliti juu ya sakafu ya saruji iliyomwagwa haraka, au juu ya mbao. Sakafu ikipasuka, mashine inakaa upande. Zile beringi zinazokuja na kiti chao cha chuma, zilizoandikwa UCP, zina wazo kama la Wingquist. Mgongo wake ni wa mviringo ndani ya kiti, kwa hivyo unapoifunga inaweza kujipinda kidogo ifuate shafti. Inasaidia, lakini haifanyi miujiza. Sakafu mbovu bado ni sakafu mbovu.

Wauaji watano

Sasa tufike kwa kesi yenyewe. Nani huua beringi?

Wa kwanza ni vumbi. Posho mili inaishi ndani ya unga, na nje kuna vumbi letu jekundu. Chembe ya mchanga ikiingia kati ya gololi na ringi, inakuwa msasa. Fikiria shafti inayozunguka mara 2,500 kwa dakika. Hiyo ni mara 150,000 kwa saa. Ikifanya kazi saa sita, imezunguka mara 900,000 kwa siku moja. Chembe moja tu ya mchanga, karibu mara milioni moja. Kwa hivyo yule fundi anayefungua beringi mpya kutoka kwa karatasi, akaiweka chini kwenye vumbi akitafuta spana, ameshaanza kuiua kabla haijafanya kazi hata dakika moja.

Wa pili ni nyundo. Hapa ndipo nagombana na watu. Beringi mpya inakataa kuingia kwa shafti, fundi anaipiga upande wa ringi ya nje, tang, tang, inaingia, kila mtu anafurahi. Kilichotokea ni kwamba nguvu ya kila pigo ilipita kwa gololi ikaacha vishimo vidogo kwenye njia yake. Huvioni kwa macho. Lakini kila gololi itakayopita hapo itaruka, itapiga kelele, na baada ya muda chuma kitaanza kubanduka. Sheria ni moja: sukuma ringi ile inayokaza. Kama inaingia kwa shafti, sukuma ringi ya ndani. Kama inaingia kwa nyumba, sukuma ya nje. Tafuta kipande cha bomba chenye upana wa ringi hiyo, kiwe kimenyooka na kisafi, ndicho upigie polepole. Njia nyingine ni kuipasha moto beringi isiyo na sili ndani ya oili safi hadi kama digrii 80 au 100. Itapanuka na kuteleza yenyewe. Ule moto wa gesi ya kuchomelea usiulete karibu. Unalainisha chuma kilichofanywa kigumu kwa makusudi.

Wa tatu ni grisi, na huyu ana sura mbili. Grisi ikikosekana, chuma kinasuguana na chuma. Ikizidi, gololi zinahangaika kuisukuma huku na huku, joto linapanda, grisi yenyewe inaharibika. Kwa kawaida nafasi iliyo wazi ndani inajazwa theluthi moja hadi nusu, si zaidi. Na usichanganye grisi ya mkebe huu na ya mkebe ule kwa sababu zote ni za njano. Zingine hazipatani, zinageuka uji.

Wa nne ni mzigo usio wa lazima. Hapa kuna hesabu ambayo ingefaa kuandikwa kwa ukuta wa kila posho mili. Kwa beringi ya gololi, ukiongeza mzigo mara mbili, maisha yake hayapungui kwa nusu. Yanapungua hadi sehemu moja kati ya nane. Beringi ambayo ingekaa miaka minane inakaa mwaka mmoja. Sasa mkanda ukiteleza, wengi hukimbilia kuukaza hadi unalia kama gita. Nguvu yote hiyo inavuta beringi upande mmoja, mchana kutwa. Mara nyingi mkanda unateleza kwa sababu umezeeka au una mafuta, si kwa sababu umelegea. Na zile nyundo ndogo za ndani ya mashine zinazoponda mahindi, ukibadilisha ya upande mmoja badilisha na ya upande unaoielekea, zilingane uzito. La sivyo mashine inatikisika, na mtikisiko wote unapokelewa na beringi.

Wa tano ni bandia. Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utapata beringi ya kila aina na kila bei. Kuna halali, na kuna zilizovaa jina la kampuni kubwa bila ruhusa. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008, lakini sheria haitakuja kukushika mkono dukani. Angalia maandishi kwenye ringi: yawe safi, yanayosomeka, na yalingane na ya pakiti. Izungushe kwa kidole, isikwame mahali. Na kama bei ni ya kushangaza, shangaa kweli. Usinunue.

Kusoma namba

Hapa ndipo unapoweza kujitofautisha na mtu wa kubahatisha. Beringi imeandikwa jina lake. Tuseme umeona 6204-2RS C3. Hiyo 6 ya mwanzo inasema ni beringi ya kawaida ya gololi yenye safu moja. Hiyo 2 inayofuata inasema ni ya umbo jepesi, na ingekuwa 3 ingekuwa nene zaidi. Namba mbili za mwisho, 04, zizidishe mara 5: tundu lake ni milimita 20. Ukiona 6205, tundu ni 25. Ukiona 6308, ni 40. Tahadhari kwa ndogo tu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, na 03 ni 17. Kuanzia 04 unazidisha.

Herufi za 2RS zinamaanisha ina sili za mpira pande zote mbili, kwa hivyo imekuja na grisi yake ndani. ZZ ni vifuniko vya chuma, vinavyozuia uchafu mkubwa lakini si maji. C3 inamaanisha kuna nafasi kidogo zaidi ndani, kwa mashine zinazopata joto.

Umeona? Sasa huhitaji kubeba mashine nzima hadi Mwingi, wala kumtuma mtu wa matatu na maelezo ya "ile ya katikati hivi". Unaandika namba kwa simu, unatuma, beringi sahihi inakuja. Siku tatu za kusubiri zimekuwa siku moja.

Kwa wewe wa boda

Usidhani nimekusahau. Beringi ya gurudumu lako ikiisha, gurudumu linacheza, na kwa mwendo wa lami hilo si jambo la pesa tena. Ni la shingo yako na ya abiria wako. Inua gurudumu kutoka ardhini, lishike juu na chini, litikise. Likicheza upande kwa upande, au ukilizungusha ukasikia mkwaruzo, badilisha. Kisha chunga mahali unapooshea pikipiki. Ile mashine ya maji ya presha ikielekezwa kwa habu, inasukuma maji na matope kupita sili, na kuosha grisi yote. Umelipa uoshewe, kumbe umelipa uharibiwe.

Na kama unachomelea fremu, waya wa arthi ufunge karibu na pale unapochomelea. Ukiufunga mbali, umeme unaweza kupitia kwa beringi ili kuufikia, na unaacha alama za moto kwenye gololi. Wengi hawajui hili, wanalaumu beringi.

Kumsikiliza mgonjwa

Fundi mzuri anasikiliza kabla ya kufungua. Chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse nyumba ya beringi, mpini uweke karibu na sikio, mbali na mkanda na puli, na nguo zako ziwe zimebana. Mluzi mwembamba mara nyingi ni njaa ya grisi. Mkwaruzo ni uchafu. Mgongo wa kurudia rudia, tok tok tok, ni shimo kwenye njia ya gololi. Hapo grisi haitasaidia tena, agiza nyingine. Kisha zima mashine, ingoje isimame kabisa, uweke kiganja kwenye nyumba ya beringi. Ukishindwa kukiacha kwa sekunde tano, kuna shida.

Somo kutoka Kwale

Miaka ya 1980 kulikuwa na tatizo kama hili hili kwa pampu za maji za mkono. Zilikuwa zikiharibika, mafundi wako mbali na gari lao, kijiji kinarudi kwa maji ya dimbwi. Kule Kwale, pwani ya kusini, kukafanyika majaribio yaliyosaidia kuzaa pampu inayoitwa Afridev. Waliobuni hawakutafuta beringi isiyokufa. Waliweka bushi za plastiki ngumu, vipande vinavyobanana kwa mkono, ambazo mtu wa kijijini anaweza kuzibadilisha bila karakana. Akina mama walifunzwa kuzitunza pampu hizo wenyewe. Leo Afridev ziko katika nchi nyingi za Afrika na hata Asia.

Wazo lile ndilo ninalotaka ulichukue. Kijiji hakiokolewi na mashine isiyoharibika, maana haipo. Kinaokolewa na mtu aliye karibu, anayejua kitu gani kitaharibika kwanza na kukibadilisha vizuri.

Mimi niliacha chuo, karo ilikataa, na sitakudanganya ati cheti hakina maana. Kina maana. Ndiyo sababu nakwambia kwamba NITA hufanya mitihani ya ufundi kwa daraja tatu, na mtu aliyejifunzia kazi jua kali anaweza kuifanya akapata karatasi yake. Lakini hata kabla ya karatasi, kuna kazi inayokungoja. Chukua daftari. Zunguka posho mili za soko lenu, mashine za muthokoi, pampu, mikokoteni. Andika namba za beringi za kila moja, tarehe iliyobadilishwa, na mara ya mwisho ilipowekwa grisi. Wengi watakuambia hawakumbuki.

Hao ndio wateja wako wa kwanza. Nenda kabla haijaanza kulia.